Muti wa Papa Ndani ya Mayi

Mweso, tarehe 9 Februari 2025

Mudogo wangu Élie,

Nakusalimia, weye na bibi yako Laetitia. Siye huku tunapumua. Shekinah wangu amefikisha miaka tisa, meno ya mbele imeota yote, na anaongea kupita redio. Mi niko na mugongo tu, ile ya siku zote. Mama Murekatete, mwenye kutupatia chumba, anakusalimia hata kama hakujui. Anasemaka ndugu ya mugeni wake ni mugeni wake. Nakuandikia ku karatasi juu telephone yangu ilibakia ku barrière ya benye bunduki siku tulikimbia Burungu, na huku réseau inakuya wakati inapenda, kama bwana mulevi. Jérémie, motard wa hapa mwenye kubeba mizigo na pikipiki, anapitaka Kalembe na Pinga mupaka kwenu Walikale kutafuta mafuta ya mawese. Nimemuambia asitoke kwako bila jibu.

Sasa sikiliza. Bamama bawili ba kwetu Burungu balirudia kule kuangalia mashamba. Banasema Faustin, jirani yetu wa chini, amelima mupaka kufika ku migomba yetu. Ile miti ya mupaka yenye Papa alipandaka kwa mukono wake, mustari muzima, hakuna hata moja imebakia. Na ule wa ku kichwa cha kaburi yake, ule weye ulipanda siku tulimuzika, nao hauko. Fasi ile sasa ni maharagi. Élie, nililia mu soko mbele ya batu, bila haya.

Lakini Mungu halalake. Siku tulikimbia sikukuwa na fimbo, nikavunja tawi la ule muti wa ku kaburi, nikatembea nalo mupaka Mweso. Kufika, nikalitia mu bidon ya mayi ku kona ya chumba, bila kuwaza. Kiisha mwezi, majani ikatoka. Unaujua ule muti: ukiukata ukautupa ku njia, utaota ku njia. Miaka mbili umeikala mu mayi, ukarefuka. Mwezi wa kwanza nimeukata vipande kumi na moja, kila kimoja mu chupa yake, nimepanga ku dirisha.

Usiniulize juu ya nini siuweke mu udongo. Weye ni mutoto wa Burungu. Ule muti ukiwa mu udongo unasema maneno mbili tu: hapa ni kwangu, ao hapa kumelala muntu. Mi siko na kwangu huku Mweso, na sijazika muntu huku. Njo maana iko mu mayi. Mayi haina mwenyewe.

Mwezi wa nane barza ya bakubwa itaikala Burungu, kusikiliza bote benye mipaka yao imesogezwa. Nataka nifike na miti yenye mizizi, nirudishe mustari wa Papa na kaburi yake ijulikane. Siko na kitu ingine ya kuachia Shekinah, ni ile shamba tu. Lakini vipande vine vimesha kuoza, vinanuka kama mihogo ya kuloweka, na mayi inageuka kijani. Weye njo mwalimu wa sayansi. Uniambie nakosea wapi.

Na ingine. Mwaka jana, mwezi wa kumi, ulipita Burungu ukitoka Goma kutafuta papier zako za kazi. Miti ya Papa ilikuwa ingali inasimama? Unijibu ile kwanza.

Dada yako wa tumbo moja,
Constance


Walikale, tarehe 2 Machi 2025

Dada yangu mpenzi, Mama Shekinah,

Barua yako imefika na tope ya Pinga yote, nikaianika juu ya meza mbele ya kuisoma. Sisi tuko wazima. Laetitia ana mimba ya miezi sita na hataki kusikia harufu ya samaki, basi tunakula sombe ya majani ya mihogo kila siku kama watawa. Mvua haikatiki. Darasani nina wanafunzi sitini na watatu na mabanco kumi na nane; wengine wanaandikia juu ya magoti.

Nimefurahi kuona unafanya kazi ambayo mimi nafundisha kwa ubao tu. Vipande vyako vinaoza kwa sababu gani? Pengine umevipindua. Sehemu iliyokuwa inaangalia chini wakati iko kwenye muti, ndiyo iangalie chini ndani ya chupa. Kata upande wa juu mshazari, upande wa chini sawasawa, ili usichanganye tena. Ukate chini kidogo ya fundo, kwa kisu chenye umekwisha kupitisha motoni, kwa kuwa mizizi inatokea penye fundo. Maji yafike vidole viwili tu, na jani lolote lisiguse maji. Maji ya bomba yenye dawa uyaache siku nzima ndani ya beseni wazi, ao utumie ya mvua. Ile rangi ya kijani ni mwangaza: funga kila chupa na kitambaa cheusi. Tia kipande kidogo cha makala ya kupikia ndani, maji hayatanuka. Kila siku tano ubadilishe yote na usafishe chupa, hata kama umechoka. Jua kali hapana, mwangaza wa dirisha unatosha.

Lakini dada, nikuulize kwa heshima: kwa nini uteseke? Udongo wa Mweso nao ni udongo. Mtu anapofika ndipo anapoanza. Hata hapa kwa wakwe zangu msitu hauna mwisho. Papa mkwe wangu alisema ukija atakuonyesha fasi ya kulima.

Kuhusu ile safari, nilipita haraka, mvua ilikuwa inanyesha, sikuona vizuri.

Mdogo wako,
Élie


Mweso, tarehe 20 Aprili 2025

Élie,

Leo ni Pasaka, Yesu amefufuka na miti yangu pia. Mwalimu, ulisema kweli: ile vine ya kuoza nilikuwa nimeisimamisha kichwa chini, maskini, na mi nilikuwa nikiisemea ni ya bure. Ile saba yenye ilibakia iko na mizizi nyeupe, mirefu kama kidole cha Shekinah. Mutoto njo anahesabu siku tano. Asubui ya siku ya tano ananiamsha: "Mama, miti iko na kiu!" Nimepasua shati jeusi la marehemu bwana wangu, kila chupa imevaa. Murekatete anacheka, anasema dirisha yangu iko na wajane saba.

Sasa nirudie ku maneno yako. Mvua. Weye unasema mvua. Shamba yetu iko ku kando ya barabara, hata ukifunga jicho moja unaiona. Na weye ni muntu mwenye alinihesabiaka mbuzi za batu ku kilima ya ngambo. Leo hukuona mustari wa miti?

Na tena. Faustin anajisifu mu Burungu kwamba iko na karatasi ya ile shamba. Karatasi gani? Papa hakujua hata kuandika jina lake, alikuwa anatia dole. Na alikufa 2019 mu mikono yangu, hakutaja karatasi, alitaja maharagi na weye. Nikifika ku barza nitamuuliza Faustin mbele ya batu bote, atoe ile karatasi tuione. Weye uko na mawazo gani? Uniandikie. Kama unaweza kufika mwezi wa nane, ufike. Muntu mwanaume wa nyumba akisimama, bakubwa banasikiliza mingi zaidi. Haiko haki, lakini njo vile iko.

Wakubwa walisema kimya kingi kina mushindo. Mi naogopa kimya yako, Élie.

Umukumbatie Laetitia, umuambie atafune tangawizi.

Constance


Walikale, tarehe 15 Juni 2025

Dada mpenzi,

Unisamehe kukawia. Huku tulisikia risasi, tukaingia porini na kukaa huko majuma mengi, tukila matunda ya msituni na mihogo mibichi. Laetitia alijifungua chini ya mabati ya kapela ya zamani. Ni mtoto mwanamke. Tumemwita Elodie. Wote wawili wako vizuri, tumshukuru Mungu. Nyumba tuliikuta bila mlango.

Kuhusu miti, nimewaza sana. Maji peke yake si chakula. Mmea unakula akiba yake, kisha unaanza kujila wenyewe. Ukiona majani ya chini yanageuka manjano, ujue mwisho umefika. Hautapita mwezi wa saba. Mimi kama mwalimu nakushauri uiweke udongoni sasa, hata nyuma ya jikoni ya Mama Murekatete. Atakuelewa, ni mama mwema.

Na juu ya barza, usiende. Njia si nzuri kwa mama na mtoto. Ile shamba tumwachie Mungu.

Mdogo wako,
Élie


Mweso, tarehe 6 Julai 2025

Élie,

Karibu Elodie mu dunia hii yetu. Umubusu ku paji la uso, umuambie shangazi yake anamutaka.

Sasa keti chini.

Barua yako ilifika kiisha juma moja, na majani ya chini ya miti tatu ilikuwa imeanza kweli kuwa manjano. Nikaogopa. Nikasema, mwalimu amesema. Murekatete alikuwa ameenda kwa dada yake Kalembe. Nikachukua jembe, nikapanda ile tatu nyuma ya jikoni yake. Mikono ilikuwa inanikatalia, mi nikailazimisha. Saa sita ya muchana Shekinah akaanza kutetemeka, homa kama moto. Nikamubeba ku mugongo, nikakimbia hospitali. Ilikuwa malaria. Tukalala kule siku ine, na sikuaga muntu.

Kesho yake Murekatete anarudia. Chumba imefungwa. Jirani anamuambia: nilimuona anapita na mutoto ku mugongo, kichwa imelegea. Murekatete anaenda jikoni kuwasha moto, anakuta nyuma ya nyumba udongo mupya na miti tatu ya kaburi! Kwao pia ule muti unasema ile ile. Akapiga yowe, barabara nzima ikakuya. Bakalia Shekinah wangu, Élie. Balileta kuni na maharagi ya matanga. Bamama ba kanisa baliimba. Kiisha shemeji ya Murekatete akasimama akasema: hapana, huyu mama wa kukimbia hajazika muntu, anakata mupaka mu kiwanja cha ndugu yangu. Hapo machozi ikageuka kelele. Bengine banasema mutoto, bengine banasema shamba, mupaka bakachimba kuangalia. Bakakuta mizizi tu. Ile tatu ikakatwa na jembe, vipande vipande.

Kiisha ile siku ine tunafika kwa miguu, Shekinah anatafuna andazi. Mama moja alitupa beseni akakimbia! Murekatete alitoka, akanipiga kofi moja ya nguvu, kiisha akamukumbatia mutoto akalia, na mi nikalia, na Shekinah akauliza nani amekufa. Shemeji alitaka tufukuzwe siku ile ile. Murekatete akamuambia: huyu alikosea, na kukosea haiko kuiba. Tumebakia, lakini sasa batu banaangalia dirisha yangu na jicho mubaya. Sibalaumu.

Jioni Murekatete ananiuliza: "Nani alikuambia kuupanda hapa?" Nikasema, mudogo wangu, mwalimu. Akaendelea kuchagua mukunde. Kiisha akasema: "Mama Shekinah, ndugu yako anajua ule muti unasema nini. Muntu mwenye anajua, na anakuambia upande huku, anakuambia kwenu hakuko tena. Iko na kitu anajua."

Sikulala vizuri tangu ile siku.

Miti ine imebakia mu chupa. Majani yao ya chini pia iligeuka manjano, ikaanguka, na juu ikatoka mapya, mazuri, ya kung'aa. Hakuna muti ulijila wenyewe. Nilikuwa nakuamini kwa mambo ya mimea hata kuliko pasteur.

Nakuuliza mara ya tatu. Mwezi wa kumi ulipita Burungu. Ulifanya nini kule?

Constance


Walikale, tarehe 27 Julai 2025

Dada,

Nimeandika hii barua mara tano na kuipasua mara tano. Jérémie iko anangojea ku mulango, mulango wenye hatuna, basi naandika gisi maneno inakuya.

Nilipofika Burungu ku barrière, benye bunduki balisema carte yangu ya kitambulisho ni ya uongo. Balinifunga mu nyumba ya mabati siku tatu. Siku ya pili balimutoa muntu moja tulikuwa naye, na hakurudi. Sikumujua jina. Siku ya tatu Faustin akapita, akaniona ku tundu la mulango. Akabaambia: huyu ni mutoto wa Grégoire, namujua tangu anatambaa, mumuachilie. Bakaniachilia. Akanipeleka kwake, bibi yake akanipatia bugali na maharagi, na nilikula nikilia. Kiisha kula, akatoa karatasi. Ilikuwa imesha kuandikwa. Inasema sisi batoto ba Grégoire tunamuachia ile shamba yote, na ndani yake hakuna kaburi. Akaniambia: mi nimekutoa mu mudomo wa simba, weye utanifanyia nini? Hakunitisha. Njo ubaya wake, dada, hakunitisha hata kidogo. Nilitia sinyatire, jina langu pale chini.

Kiisha akasema: karatasi inasema hakuna kaburi, lakini muti uko pale, batu bataona.

Miti ya mustari njo yeye aliing'oa, kiisha mi kuondoka. Ule wa ku kaburi niliung'oa mi. Kwa mikono hii. Faustin alisimama chini ya parapluie, mvua haimupati, anaangalia. Haukutaka kutoka, nilivuta mupaka viganja ikapasuka, nikaenda kuomba mupanga, nikaukata chini kabisa, nikafunika na udongo. Muti wenye nilipanda mwenyewe, na weye ulinishikia bidon ya mayi. Nilisema ndani ya roho: Papa, funga macho. Na mvua ilinyesha kweli, ile sikudanganya.

Tangu pale siwezi kufundisha fungu la mimea. Naruka ile ukurasa, batoto banauliza juu ya nini.

Nilikuambia upande kule Mweso juu nilitaka ukuwe na kwako fasi ingine, usifike siku moja mbele ya ile karatasi ukasoma jina langu. Niliongopa juu ya chakula cha mimea. Shekinah alililiwa kama maiti juu ya uongo yangu. Unipige, unitukane, ni haki.

Ila nakuomba kitu moja: usisome barua hii ku barza. Hapa wakwe zangu bananiheshimu. Na ile barrière ingali pale.

Élie


Mweso, tarehe 31 Agosti 2025

Élie, mutoto wa mama yangu,

Hii ni karatasi ya tatu nachukua. Mbili za kwanza nilizitia mu moto juu zilikuwa na maneno yenye dada haandikie mudogo wake.

Nilienda. Nilibeba chupa zangu ine mu beseni ku kichwa, mayi ndani, tangu Mweso mupaka Burungu, siku nzima na nusu. Shekinah alibakia kwa Murekatete. Barua yako ilikuwa ndani ya kitenge, hapa ku tumbo. Ku kila barrière baliniuliza ni nini. Nikasema ni maua ya kanisa. Mungu atanisamehe, na weye kwanza usinihukumu.

Barza iliikala ku kiwanja cha masomo, bakubwa saba. Papa Isidore njo alikuwa ku kiti. Unamukumbuka, yule mwenye kikohozi, alikuwa anakunywa na Papa yetu. Faustin akatoa karatasi. Banaisoma kwa sauti. Banafika fasi inasema "ndani yake hakuna kaburi", na Papa Isidore akavua miwani. Akaniita: "Constance, hii mukono ni ya Élie?" Ningaliweza kutoa barua yako, mudogo wangu. Nilisikia inaniunguza ku ngozi. Ningesoma, na leo shamba ingekuwa yetu, na jina lako ingekuwa matope kutoka Burungu kufika Pinga. Nikasema: "Ndiyo, ni mukono yake." Basi.

Faustin akacheka kidogo. Nikasema: "Bakubwa, sikukuya kubishana na karatasi. Nabaomba mutembee na mi mupaka fasi Papa amelala." Bakasimama, na fimbo zao, na kikohozi. Maharagi ya Faustin ilikuwa imefika magoti. Mi sikukuwa na alama yoyote, migomba imekatwa, jiwe la kaburi limetolewa. Nikahesabu hatua kutoka fasi ya jikoni yetu ya zamani. Na Élie, kule katikati ya maharagi kulikuwa kunasimama majani matatu marefu ya kung'aa. Fasi ulikata. Ulikata, lakini shina ilibakia mu udongo, ikangojea, ikatoka. Faustin alikuwa anaiona sasa, na uso yake ikaniambia hakukuwa ameiona mbele. Nikaweka chupa yangu karibu, jani na jani. Papa Isidore akapiga magoti, muzee wa vile, akagusa hii, akagusa ile, ikafanana mupaka ku mustari mweupe wa kando. Akasema: "Nani anapandaka muti wa kaburi katikati ya maharagi?" Nilianguka chini nikalia, nikamuita Papa kwa jina yake ya nyumbani.

Bakubwa balikata shauri hivi. Karatasi ni karatasi, shamba itabakia kwa Faustin mupaka yule mwenye alitia sinyatire akuye kusema mwenyewe, kwa mudomo ao kwa mukono. Lakini kaburi ni ya kwetu tangu leo, na njia ya kufika, na miti ine ku kona zake. Na yule mwenye aling'oa muti wa kaburi, desturi unaijua: analeta mbuzi na pombe, na anaurudisha yeye mwenyewe. Muntu mwingine hawezi kumupandia. Baliniuliza ni nani. Nikasema sijui. Papa Isidore akaniangalia mingi, kiisha akakohoa.

Nilipanda tatu. Kona ya ine, ile ya ku kichwa, nimeiacha wazi.

Chupa ya ine Jérémie anakuletea. Nimeifunga na kipande cha shati jeusi. Usiitie mu udongo wa Walikale, hata kama wakwe bako na msitu wa kufika mbinguni. Uiweke ku dirisha yako uione kila asubui. Mayi vidole viwili, makala kidogo, kila siku tano ubadilishe. Weye njo mwalimu, unaijua hii kazi. Utauchunga mu mayi mupaka siku utakuya kuupanda.

Niko na hasira na weye. Niko nayo asubui, niko nayo jioni. Na bado nilisema sijui.

Constance


Walikale, tarehe 5 Oktoba 2025

Dada Constance,

Elodie ameanza kucheka, anacheka na kila kitu, hata na mulango mupya. Laetitia anakusalimia.

Chupa ilifika bila mayi. Jérémie alianguka na pikipiki kule Pinga, yeye ni muzima, muti ulikauka siku tatu. Mizizi yote ilikuwa imekufa. Nilikata chini ya fundo na kisu cha moto, nikaanza tena kama mwanafunzi. Siku tano, bure. Siku kumi, bure. Sikuwa nakula. Siku ya kumi na ine nikaona doa jeupe, dogo kama yai la chawa. Nilimuita Laetitia kwa sauti mupaka akafikiri mutoto ameungua.

Akaniuliza: ni muti tu, udongo tuko nao mingi hapa inje, juu ya nini usiupande? Nikamuambia: hauwezi kupandwa hapa. Juu ya nini? Nikaketi, nikamuambia yote, mbele ya baba yake. Kesho yake muzee alinitumia mbuzi, dume, jeusi. Iko inakula majani ya jirani wakati naandika.

Siwezi kufika sasa, njia unaijua, na naogopa, sitakuficha. Lakini bakubwa balisema kwa mudomo ao kwa mukono. Mudomo utafika nyuma. Mukono njo huu, umupelekee Papa Isidore, asome kwa sauti mbele ya Faustin na bantu bote:

Mimi Élie, mutoto wa Grégoire wa Burungu, mwalimu hapa Walikale, nasema kwamba karatasi yenye nilitia sinyatire mwezi wa kumi 2024 ni ya uongo. Shamba haikukuwa yangu peke yangu ya kutoa. Ni ya dada yangu Constance pia, na hakuulizwa. Mu ile shamba kuko kaburi. Ni kaburi ya Papa. Muti wake niliupanda mimi, na niliung'oa mimi.

Leo ilikuwa siku ya tano. Nimebadilisha mayi.

Élie